Mkono Nisioutaka

Mwaka ule mama mkwe wangu alinipa mkono karibu kila Jumapili, na kila aliponipa nilirudi chumbani kwangu nimenywea. Halafu akaacha. Hakunipa mkono tena mpaka alipofariki mwezi uliopita, na kwa sababu hiyo nimekuwa mtu mwenye bahati karibu maisha yangu yote. Wajukuu zangu waliozaliwa hapa Brussels wakinisikia nikisema hivyo hutazamana na kucheka chini kwa chini, wanadhani babu ameanza kuchanganya mambo. Basi ngoja nieleze, maana matanga yamekwisha, viti tulivyoazima parokiani vimerudi, na nyumba imetulia kiasi cha mtu kuweza kukumbuka. Kwetu Bushi, kwenye milima ya Kivu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na mkwe halitaji jina la mama yule hata akiulizwa na polisi. Wakikutana njiani mmoja anapisha, mama anajifunika kitenge, kila mtu anaendelea na safari yake, na heshima inabaki pale katikati. Ndiyo maana hapa nitamwita Mama Furaha, kwa jina la binti yake ambaye ni mke wangu. Jina lake mwenyewe sijawahi kulitamka, na sitaanza leo.

Sasa fikiria kijana ambaye wazee wake wamekwenda kumposea, wakapeleka kreti la bia na maneno mazuri, wakajibiwa tu, "Tutaangalia." Jumapili inayofuata kijana anapanda ngazi za jengo moja kule Etterbeek, mtaa mmoja wa Brussels, koti limepigwa pasi, anabisha hodi. Sebule ni ndogo, makochi ni makubwa na yamefunikwa vitambaa vya kufuma, ukutani kuna Moyo Mtakatifu, televisheni inawaka bila sauti, na upande wa pili kuna mlango wa kioo cha ukungu unaokwenda jikoni, ambako sombe, yaani kisamvu, inachemka tangu kabla ya misa. Kijana anakaa ukingoni mwa kochi, anatazama kile kioo na kumwomba Mungu kivuli kinachotembea nyuma yake kibaki hukohuko. Kama mama amekubali, atabaki jikoni. Chakula kitaletwa na binti, na mama atasikika tu akiuliza kwa mbali kama mgeni ameshiba. Lakini mlango unafunguka. Mama anatoka, anafuta mikono kwenye kitenge, anamtazama kijana machoni bila wasiwasi wowote na kumnyoshea mkono. "Bonjour, Dezire! Ikala, ikala. Na masomo, inaenda?" Kijana mwenyewe, bila shaka umeshaelewa, ni mimi. Kisha alijikalia mbele yangu, akamega bugali, akachovya kwenye sombe, akala kwa raha zake, na mimi nikala macho nimeyaelekeza kwenye sahani. Mzungu yeyote angesema huyu mama ni mkarimu ajabu. Mimi niliona nafungiwa mlango usoni, tena kwa tabasamu.

Nilikuwa napanga chumba juu ya duka la vitenge karibu na barabara ya Chaussée de Wavre, na mwenye duka, Maman Béa, alikuwa rafiki wa Mama Furaha tangu ujana wao Bukavu. Kila Jumapili jioni nilipopita dukani kwenda kwangu alikuwa ananisubiri, miguu imepumzika juu ya marobota, redio inaimba Kilingala, harufu ya samaki wakavu inaingia kutoka duka la jirani. Hakuniuliza habari za chakula wala za msichana. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikupa mukono?"

"Alinipa, Maman."

"Na alikula mbele yako?"

"Alikula, akaongeza."

"Aï, mutoto yangu." Alitikisa kichwa kama daktari. "Donc ungali muntu wa barabara tu. Bon, vumilia. Jumapili ingine anaweza kukuficha uso."

Watu wa leo watauliza kwa nini tusioane tu, sisi wawili, manispaa iko wazi. Furaha aliniambia mapema, tukiwa tumekaa kwenye benchi karibu na mabwawa ya Ixelles, amevaa sare yake ya uuguzi chini ya koti. "Minakupenda, Dezire, lakini maman alinibeba mugongoni akatoka na mimi peke yake kwa mambo ile yote ya vita. Akisema hapana, sitapita juu yake. Nisikudanganye." Hakulia na hakunibembeleza. Alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, ya kusema jambo zito huku akifunga vifungo vya koti, na hata leo akianza kufunga vifungo najua nikae vizuri. Kwa hiyo kila kitu kilisimama kwa yule mama na mkono wake wa kulia. Nilijaribu hila zote. Nilichelewa ili wawe wameshakula. Nilibeba vitu mikono yote miwili, mfuko wa machungwa huku, chupa huku, nisiwe na mkono wa kushikwa. Akachukua machungwa, akayaweka mezani, akanipa mkono. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba anafanya makusudi.

Aliyeleta safari ya Florence, kule Italia, ni Padri Jef, Mbelgiji aliyefundisha seminari kule kwetu mpaka nywele zikamwisha kichwani, akarudishwa kwao kupumzika asipumzike. Aliongea Kiswahili safi cha vitabu vya zamani, na alipenda wamama wa parokia kupita kiasi. Mwaka ule alichukia kwamba wanaishi Ulaya na wanachokijua ni soko, hospitali na ofisi za wageni. "Wamama," alisema baada ya misa, "nyinyi mmeshika imani hii kwa meno. Haifai mfe bila kuona jinsi watu wa kale walivyoichora." Akapanga basi, akapanga nyumba ya masista ya kufikia, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nasoma historia ya sanaa chuoni, akasema mimi ndiye kiongozi, nitawaeleza kila kitu kwa Kiswahili. Nilifurahi kwa muda wa kutembea kutoka kanisani hadi mlangoni. Mlangoni nilimsikia Mama Furaha akiuliza kama basi lina choo, na nikajua anakuja. Furaha alikuwa na mafunzo hospitalini, hangeweza kwenda. "Nenda," aliniambia. "Atakuona siku nzima, ye mwenyewe. Akikukataa, akukatae akikujua."

Sijui kama umewahi kusafiri kwa basi na wamama wa Kivu. Walibeba sombe iliyogandishwa na kufungwa kwenye magazeti, sambaza wakavu, dagaa wa ziwa letu, unga wa bugali, mafuta ya mawese, na sufuria moja ambayo dereva alikataa kabisa isikae karibu na gia. Chakula cha Wataliano walikuwa wameshakihukumu kabla ya kukionja. Mimi nilikaa mbele kabisa, karibu na dereva, nikimwachia Mama Furaha viti vya nyuma kwa heshima. Kabla hatujatoka Ubelgiji alikuwa amekuja mbele, amekaa nyuma yangu, ananigonga bega anipe yai la kuchemsha. Nikalipokea bila kugeuka. "Angalia mbele, utaona njia!" akasema, na wamama wakaangua kicheko, kwa sababu wote walijua. Basi zima lilijua. Hata dereva, Mbelgiji wa Kifleminga, mtu wa watu, alipofika milima ya Uswisi alikuwa ameshaelezwa kisa changu kwa Kifaransa na ananitazama kwa huruma kwenye kioo.

Florence nilikuwa nimeijua kwa vitabu tu, na sasa nikawa naiona huku najificha. Ndiyo kweli yenyewe. Pale Santa Croce, kanisa lile kubwa lenye makaburi ya watu maarufu ukutani, nilieleza kaburi moja baada ya jingine nikizunguka nguzo kila alipokaribia, naye akizunguka upande wa pili na kunitokea usoni. "Bonjour tena, Dezire! Uko unajificha nini?" Mkono. Mbele ya milango ya dhahabu ya mahali pa ubatizo, mkono. Maman Béa, aliyekuja nasi, alikuwa mpelelezi wangu wa siri. Akinong'ona, "Nenda kushoto," nilikwenda kushoto. Na pamoja na mateso hayo niliongea. Mungu anisamehe jinsi nilivyoongea. Nilikuwa na masomo ya miaka yote kinywani na kundi la watu waliotaka kuyasikia kwa lugha ya nyumbani, basi nilimwaga: nani alichora, nani alimlipa, kwa nini bluu ilikuwa ghali, kwa nini mtakatifu huyu ameshika ngozi yake mwenyewe mkononi. Wamama walisikiliza vinywa wazi. Padri Jef alikaa kwenye mabenchi ya nyuma, kofia magotini, anatabasamu kama mtu aliyepelekwa harusini.

Siku hiyo hiyo tulikwenda kwenye konventi moja ya zamani ambako kila chumba cha mtawa kimechorwa ukutani, na ukimaliza kupanda ngazi unakutana uso kwa uso na Malaika Gabrieli akimpasha habari Maria. Nilifungua mdomo, lakini wamama walikuwa wameshaanza.

"Angalia, Malaika ameleta posa," alisema mmoja.

"Na hawapeane mukono!" alisema Maman Béa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Ye amekunja mikono, na Maria amekunja mikono. Muko munaona? Heshima. Hata mbinguni banajua."

Wote waliogopa kumtazama Mama Furaha, wakaangalia sakafu. Yeye alisogea mbele, akamtazama Maria muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, mkoba umebanwa kifuani. Nilianza kuamini. Kisha akageuka. "Ule Malaika hakusema maneno mingi," alisema, akapita karibu yangu, akanishika mkono, akautikisa vizuri, akashuka ngazi.

Jibu la kitendawili hicho nililipata jioni ile ile, kwa masikio yangu. Masista walikuwa na jiko kubwa la marumaru, na kati ya jiko na chumba cha kulia kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, kina mlango mdogo wa mbao. Sista mpishi alikuwa amenusa sambaza wakikaangwa, akafungua madirisha yote, kisha akaonja mmoja, kisha akavuta kiti. Mimi nilikuwa chumba cha kulia napanga sahani. Upande wa pili walikuwa wanasonga bugali, na mwiko ulipokuwa unapumzika nilisikia maneno.

"Weye, unamutesa mutoto wa watu," alisema Maman Béa. "Iko na adabu. Iko na masomo. Unataka nini?"

"Adabu iko nayo," alijibu Mama Furaha. "Sikatale. Lakini ulimusikia leo? Kutoka asubuhi. Ni radio, Béa. Radio muzuri, minaipenda kusikiliza. Lakini radio unaiolesha mutoto yako?"

"Ni kazi yake kuongea. Ni guide."

"Baba Furaha pia ilikuwa kazi yake kuongea. Aliniposa na maneno, mukanwa ilikuwa asali. Siku mambo iliharibika aliniambia, ngoja hapa na mutoto, naenda tu kuangalia gari, narudi." Mwiko ukagonga sufuria. "Mpaka leo iko anaangalia gari. Ulimi haina mufupa, Béa. Ule kijana, nikimufunga maneno, ndani yake kunabakia nini? Njo naitafuta. Namupa mukono, namuangalia macho, natafuta. Anakimbia tu na anaongea."

Nilibaki nimeshika sahani. Nikutajie nilichokihisi? Aibu kidogo, lakini zaidi nilihisi nafuu, kwa sababu kwa miezi yote ile nilidhani ananidharau, kumbe alikuwa ananitafuta. Halafu nafuu ile ikaondoka, maana nilikumbuka kesho yake ni siku ya kanisa kuu, na kazi yangu ya kesho ni kuongea.

Asubuhi nilijaribu kuwa mtu wa maneno machache. Sikufika mbali. Mbele ya kuta za marumaru nyeupe, kijani na waridi nilisema, "Hili ni kanisa kuu," nikanyamaza. Wamama wakasubiri. "Ndiyo, tunaona," alisema mmoja. Mwingine akaniuliza kama nimemeza ulimi pamoja na sambaza. Padri Jef akanijia, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Basi nikarudi kwenye tabia yangu, nikaeleza kuba lile, jinsi lilivyojengwa bila kuegemezwa miti chini, kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na ngazi zinapita katikati yake. Hapo nilifanya kosa la mtu asemaye sana: nilisema tunaweza kupanda hadi juu kabisa. Padri Jef alicheka akaonyesha magoti yake, akabaki kwenye benchi. Wengine wote, wenye vitenge na viatu vya kanisani, wakajipanga. Nilikaa mwisho wa msafara, kama kiongozi anavyopaswa, ili asibaki mtu nyuma.

Mwanzoni ngazi ni pana, kuna upepo na vicheko. Unafika kwenye ukingo wa ndani, chini kabisa ya mchoro wa Siku ya Mwisho, ambako mashetani wakubwa wanawachoma watu karibu na uso wako, na wamama walijikinga kwa ishara ya msalaba na kuwatambua baadhi ya watu wa nyumbani kati ya waliolaaniwa. Baada ya hapo njia inaingia kati ya zile kuta mbili. Inakuwa nyembamba, ukuta wa upande mmoja unakulalia kichwani, huoni mbele, huoni nyuma, na nyuma yako dunia nzima inapanda. Hapo ndipo nilipomkuta Mama Furaha. Wenzake walikuwa wamempita na sauti zao zilikuwa zinapotea juu. Alikuwa amesimama, mikono yote miwili imebandikwa ukutani.

"Siwezi," alisema.

Aligeuka akanitazama, na hakukuwa na mzaha wowote machoni pake. Mama aliyembeba mtoto mgongoni akavuka mambo yote yale alikuwa anatetemeka kama mtoto mwenyewe. Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia ukuta huu umesimama karne na karne, hautaanguka leo, nilitaka kumweleza mpangilio wa matofali.

"Nyamaza, Dezire," alisema. "Tafazali."

Nikanyamaza. Sikujua la kufanya na mwili ambao hauongei. Nyuma watu walianza kusukumana, mtu mmoja akauliza kwa Kiingereza kuna nini, mwingine akapiga mluzi. Kumshika sikuweza, yule alikuwa mama wa Furaha. Kumwacha sikuweza pia. Basi niligeuka nikampa mgongo, nikaketi kwenye kidato cha chini yake, nikaziba njia yote kwa mabega yangu, nikawatazama wale watalii. Mkono mmoja niliuinua, kama polisi wa njia panda. Walinung'unika, wakanitukana kwa lugha nyingi ninazozifahamu, nami sikumjibu yeyote. Mgongoni kwangu nilisikia rozari ikianza, kwa sauti ndogo, Salamu Maria, inakatika, inaanza tena. Nadhani lile ndilo jambo refu kuliko yote niliyowahi kufanya bila kusema neno. Nilimsikia akipumua, nikasikia pumzi ikishuka polepole kutoka shingoni kwenda mahali pake, na sikuuliza, "Unaendeleaje?" ingawa swali lilikuwa linaniwasha kwenye meno. Mwishowe kitu kilinigusa begani. Ilikuwa ni ncha ya kitenge chake cha mabegani, amekivua na kukiteremsha kwangu.

"Shika," alisema. "Pita mbele. Usigeuke."

Nikampita kwa kubanwa na ukuta, macho nimeyafumba, nikaizungusha ncha ya kitenge mkononi mwangu, naye akashika ncha nyingine. Hivyo ndivyo tulivyopanda kuba la Florence, mimi mbele naangalia mawe, yeye nyuma, kitenge kimekazwa kati yetu. Aliposimama nilisimama. Alipokivuta nilingoja. Tukatoka juu kwenye mwanga na upepo, paa zote nyekundu chini yetu, mto, milima ya rangi ya moshi, na wamama wengine wamejazana kwenye reli wanapiga picha. Nilijua jina la kila mnara pale. Alisimama upande wangu, si karibu, analia na kufuta machozi kwa kiganja.

"Ile ni nini?" aliuliza akionyesha mbali.

"Kanisa, Maman."

"Na ile?"

"Kanisa pia."

"Bon," alisema, akavuta pumzi. "Bon."

Tuliposhuka, kitenge kilikuwa kimerudi mabegani kwake na wenzetu walikuwa wanatusubiri uwanjani, kila mmoja anaeleza alivyoogopa. Padri Jef akaja na chupa ya maji. Nilitangulia kutoka mlangoni, halafu yeye akatoka, na kwa mazoea tu ya mwaka mzima, nikiwa nimechoka, hata akili haipo, nilimnyoshea mkono wangu mimi mwenyewe.

Hakuupokea. Alisimama, akautazama ule mkono ukining'inia hewani. Kisha akavuta kitenge cha mabegani kikamfunika kichwa na uso wote, akapiga hatua za haraka, akajificha nyuma ya Maman Béa.

"Mama amekasirika?" aliuliza Padri Jef kwa wasiwasi. "Dezire, umemfanyia nini?"

Maman Béa hakumjibu. Alitupa kichwa nyuma akapiga kigelegele kilichowarusha njiwa wote wa uwanja ule, na wamama wakakipokea, wakaanza kucheza pale pale mbele ya kanisa kuu, watalii wakituzunguka na kamera zao wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Nilikaa chini kwenye mawe, nikalia, nikacheka, nikalia tena, na Padri Jef akaninywesha maji. Mzigo wa mwaka mzima ulikuwa umeshuka mabegani mwangu, na sikuwa na hata mtu wa kumshukuru, maana aliyenitua alikuwa nyuma ya kitenge na nilikatazwa kumtazama. Njia yote ya kurudi alikaa kiti cha mwisho kabisa. Mayai ya kuchemsha yalinifikia kwa kupitishwa mkono kwa mkono, na hakuna yai tamu kama yale. Jumapili iliyofuata, kule Etterbeek, kivuli kilibaki nyuma ya kioo cha ukungu, Furaha akaleta sombe, na sauti ikauliza kutoka jikoni, "Mukwe ameshiba?" Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Na nilipopita dukani Maman Béa hakuuliza kitu. Alinikatia kitenge bure.

Tangu hapo tuliishi hivyo, mimi na mama mkwe wangu, katika mji ambao tramu ni nyembamba na korido ni nyembamba zaidi. Akiniona kwenye tramu alipanda behewa jingine. Alikuja kuwalea watoto wetu mimi nikiwa kazini, nikakuta nyumba inang'aa na sufuria ina joto. Simu aliruhusu, alisema simu haina uso, na kwenye simu aliniachia niongee nitakavyo. Nilimweleza makanisa na picha kwa saa nzima, naye akisema, "Ehe," na "Kumbe," mpaka asinzie. Simu za video zilipokuja aligeuza yake juu, na kwa miaka mingi nimeitazama dari ya Etterbeek kuliko mtu yeyote. Nywele zake zilipoanza kuwa nyeupe niliambiwa. Alipokonda niliambiwa. Uso nilioujua mimi ulikuwa ule wa mwaka wa mikono.

Ndiyo maana mwezi uliopita, kwenye nyumba ya kuagia, nilisimama kwenye korido kati ya makoti ya watu, nimegeukia ukuta. Furaha alikuwa ndani na watoto wetu, na mimi nilikuwa nimeshajiambia kwamba yangu ni kungoja jeneza lifungwe ndipo nilibebe. Maman Béa akatoka. Siku hizi anatembea na kigari cha magurudumu, kimefungwa utepe wa kitenge ili asikichanganye na cha wenzake.

"Dezire. Ingia."

"Maman Béa, haifai. Unajua haifai."

"Ye njo alisema. Nilikuwa naye mu hospitali, alinishika hivi. Alisema, mukiisha kunivalisha vizuri, mukwe wangu aingie, aniangalie." Akavuta pumzi, na nikaona mdomo wake unapigana na kicheko. "Akasema, lakini asiongee."

Nilicheka pale kwenye korido, mzee mzima, nimeshika koti la mtu nisiyemjua, mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikaingia. Furaha alinipisha. Ulikuwa uso wa mama mzee niliyepaswa kuanza kumjua upya, mdogo, mtulivu, na kwenye paji nikaona alama ya wasiwasi niliyoikumbuka kutoka kwenye ngazi zile, sasa imelegea. Mikono yake ilikuwa imekunjwa juu ya rozari. Nilikuwa na maneno ya miaka yote. Nikamtazama mpaka nikatosheka, mkono wake sikuugusa, na sikusema hata neno moja.